Sikio la Mkunga

Kitu cha kwanza alichonifundisha kusikiliza kwenye santuri ni pale ambapo wimbo bado haujaanza. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwake, Mkolani, mikono juu ya magoti kama mtu aliyekuja kuposa, nasubiri muziki. Akaishusha sindano ukingoni, akainua kidole kimoja. Nikasikia mchakacho mdogo, kama dagaa wanakaangwa nyumba ya jirani. Nikafungua mdomo niseme jambo.

"Nyamaza," akaniambia. "Hapo ndipo santuri inapojieleza imetoka wapi na imetunzwa na nani. Wimbo utakudanganya, Baba Neema, maana wimbo unapendeza. Hapa hapapendezi, kwa hiyo hapana sababu ya kudanganya."

Mtaa mzima tulimwita Mkunga. Alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini mjamzito akizidiwa alfajiri, mlango uliogongwa kwanza ulikuwa wake. Alitokea Mara, upande wa ziwa. Habari za ukoo wake sikuwahi kumuuliza, wala yeye hakuwa mtu wa kukaa anasimulia babu alikuwa nani. Nilichojua ni kwamba binti yangu Neema alizaliwa mikononi mwake, kwamba marehemu mumewe alikuwa baharia wa meli za ziwani, mtu wa Nansio, na kwamba kwenye kabati lake la sebuleni ilisimama safu ndefu ya maganda ya santuri, yale ya karatasi ngumu yenye picha, na ndani yake hamna kitu. Hayo maganda matupu niliyaona miaka mingi kabla sijajua maana yake.

Mimi nauza vipuri vya pikipiki Buzuruga, karibu na stendi. Mambo ya santuri nimeyaanzia ukubwani. Binamu yangu alikuwa anahama, akaniachia boksi la santuri za baba yake, akasema tupa au tunza, shauri yako. Nikanunua mashine mtandaoni. Jamani, ilikuwa nzuri! Begi jekundu, kishikio cha dhahabu, taa za bluu zinawakawaka muziki ukipiga. Nikaibeba mpaka kwa Mkunga, maana niliambiwa na yeye ana gramafoni, nikataka aone ya kisasa.

Aliitazama muda mrefu. Hakuuliza habari za taa. Akapitisha kidole chini ya ule mkono unaobeba sindano, akauinua kidogo, akauachia.

"Mzito," akasema. "Hii siyo gramafoni, baba. Hii ni plau. Kila ukipiga wimbo, unalima."

Nilichukia, siwezi kuficha. Nilifunga begi langu nikaondoka hata kuaga sikuaga vizuri. Nikamwambia mke wangu yule mama ana maringo, gramafoni yake yenyewe ina umri wa Azimio la Arusha, halafu anaicheka ya kwangu. Mke wangu akajibu kwamba mtu aliyemsikia Neema tumboni kabla mimi sijamsikia, yeye hawezi kubishana naye kuhusu masikio. Basi. Nikaendelea kulima. Haukupita muda, mwimbaji niliyempenda kuliko wote kwenye lile boksi akaanza kutema. Kila akifika kwenye neno lenye s, sauti inapasuka, sss, kama maji yanadondokea kikaango. Nikabadilisha santuri, nayo hivyo hivyo. Nikarudi Mkolani nimenywea.

Nilizificha zile mbovu chini ya boksi, juu nikaweka nzima. Alitia mkono moja kwa moja mpaka chini.

"Mficha uchi hazai," akasema, na kwa kazi aliyoifanya maisha yake yote, msemo huo kinywani mwake haukuwa wa mafumbo. "Lete tuone."

Ndivyo nilivyoanza shule. Na alikuwa mwalimu mkali, lo! Ukishika santuri kwa kuigusa uso, anakupiga kofi mkononi, hata kama una mvi. Shika ukingo na katikati, kwenye karatasi yenye maandishi, basi. Kabla ya kuipiga, ipeleke dirishani uilaze kidogo, mwanga uipite kwa ubavu. Weusi wake ukiwa unang'aa kama sufuria mpya, kuna matumaini. Ukiona mifereji imefifia, ina kijivukijivu, hiyo imelimwa, na hakuna sabuni wala dua itakayoirudisha. Halafu tazama lile tundu la katikati. Likizungukwa na vijistari vingi vya mikwaruzo, ujue waliokuwa wanaipiga walikuwa wanatafuta tundu kwa kupapasa.

"Walevi," alikuwa anasema. "Santuri ya walevi usiinunue, hata ikiwa ya kwaya."

Kuosha alikuwa na utaratibu wake: maji yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni, kitambaa cha kanga iliyochakaa mpaka ikalainika, ufute kwa kufuata mifereji, usiikatize. Ukimaliza, isimamishe kivulini ikauke yenyewe. Juani kamwe. Watu wa ziwani tuna ugonjwa huo wa kuanika kila kitu juani, kuanzia dagaa hadi magodoro, na yeye alikuwa amekwisha kuona santuri iliyoanikwa juu ya jiwe ikanyauka kama jani. Gramafoni yenyewe ikae mahali palipolala sawasawa; aliweka bilauri ya maji juu ya meza, akachuchumaa akatazama maji, akaingiza kipande cha kadibodi chini ya mguu wa meza mpaka akaridhika. Nyumba yake ilijengwa juu ya mwamba, kama nyingi za huku kwetu, na alijisifu kwa hilo. Lori likipita barabarani, sindano yake haina habari.

Na kusikiliza? Sauti ya chini, kwanza. Kelele inaficha makosa. Sikiliza pasipo na wimbo. Kisha sikiliza s za mwimbaji. Kisha ruka uende wimbo wa mwisho, ule ulio karibu na katikati, maana pale mduara unabana na sindano inapata shida. Santuri iliyochoka itakwambia pale. Ukisikia sauti inayumba, inapanda na kushuka kama mtu anayeimba huku anapanda mlima, imepinda. Iondoe haraka. Usiiruhusu sindano yako nzuri ibebe mzigo huo, kwa sababu sindano ya kweli kuipata Mwanza ni kazi, inasubiriwa mpaka mtu atoke Nairobi.

"Mbovu," angesema, akauinua mkono wa gramafoni. Hakuwa na neno la katikati. Santuri kwake ilikuwa nzima au mbovu. Nimewahi kumletea moja niliyoitafuta mwaka mzima, akaipa sekunde chache tu, "mbovu," akanirudishia. Nilitamani kulia. Jirani mmoja alikuja na ya marehemu babu yake, ameifunga kwenye taulo, anataka tu aisikie. "Mbovu," akaambiwa, sindano haikuigusa. Yule jirani hakurudi tena, na watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Tulizoea kusema Mkunga ana sikio la malaika na ulimi wa nyigu.

Sasa, huyo huyo mwenye sikio hilo alikuwa hajui kuimba. Hata kidogo! Jumapili kwaya ilipokuwa inaimba, sauti yake ilikwenda njia yake peke yake, na mwalimu wa kwaya alivumilia kwa sababu watoto wake wote walipitia mikononi mwa yule mama. Na huyo huyo aliyewatolea ukali wenye santuri, wanawake waliomjua kazini wanasema hakuwahi kumpigia kelele mzazi. Aliwawekea ile pembe ya mbao tumboni, akainamia, akafumba macho, akasikiliza moyo wa mtoto bila haraka wakati wodi nzima ina makelele. Mke wangu anasema alipofumba macho vile, hata uchungu wake yeye mzazi ulitulia.

Siku ya msiba mtaani, hata wa mtu asiyemjua, gramafoni ilifunikwa kanga mpaka matanga yaanuliwe. Vijana walikuwa wanaanza kupiga muziki mara tu baada ya mazishi. Yeye hapana. Nilimuuliza siku moja kwa nini anashikilia hivyo, ndipo akanieleza habari za maganda.

Mumewe, kwenye kila bandari ambayo meli ilitia nanga, Bukoba, Kisumu, Musoma, alishuka akatafuta santuri. Alizipanga kwenye lile kabati. Alipofariki, mazishi yalifanyika kwao Nansio, na santuri zake zikapelekwa kule pamoja na nguo, baiskeli na vitu vyake vyote, kama desturi inavyotaka. Siku ya kuanua matanga, ukoo ukakaa kugawana. Huyu shati, huyu koti, huyu viatu. Zikafika santuri. Msemaji wa ukoo, mdogo wake marehemu, shemeji yake Mkunga, akasema kila mmoja achukue ya ukumbusho. Na ili zigawanyike kwa haki, kila mtu azione zote, akazitoa kwenye maganda yake, akazirundika tupu juu ya mkeka, moja juu ya nyingine, kama chapati.

"Mimi nimekaa pale na wanawake wenzangu," akaniambia. "Mjane hasemi siku ile. Nasikia zinavyosuguana, kwaru, kwaru. Hakuna aliyekuwa na ubaya, Baba Neema. Walikuwa wanampenda. Walizichukua kama walivyochukua mashati."

Gramafoni wakamwachia, kwa kuwa hakuna aliyejua kuitumia. Maganda yakabaki kwenye mkeka, akayakusanya.

Kilichogawiwa matangani hakidaiwi. Akikidai mjane, itakuwa amemdai marehemu. Basi Mkunga akatafuta njia yake. Alipostaafu, akaanza safari. Aliifunga gramafoni, ile ndogo yenye spika kwenye kifuniko na inayotumia hata betri, akaitia kwenye kikapu, akaenda kwa wifi, kwa mjomba, kwa binamu, mpaka vijiji vya ndani. Anafika, anasalimia, anakunywa uji, anauliza habari za wagonjwa. Halafu anasema, "Naomba mnitolee ya marehemu." Moja aliikuta imefunika ndoo ya maji. Nyingine imetundikwa ukutani na msumari. Anaiosha, anaipiga wote wasikilize, na mara nyingi ilikuwa ndiyo mara ya kwanza waliyoisikia. Kisha anatoa ganda lake kikapuni, anaivisha, anawarudishia kwa mikono miwili.

"Nimeileta nguo yake," anawaambia. Anaaga, anaondoka.

Kila safari kabati lilipungua ganda. Na sasa nasema bila aibu, siku aliyonieleza hayo nilitoka nje nikasimama kwenye mawe yake nikajipangusa macho, halafu nikarudi ndani nikajifanya nilikuwa naangalia pikipiki.

Likabaki ganda moja. La rangi ya kijani, kona zimeliwa. Santuri yake ilikwenda kwa shemeji mwenyewe, yule aliyegawa. Kila Mkunga alipompigia simu, jibu lilikuwa moja: "Ile ilivunjika, shemeji. Nisamehe." Na Mkunga hakuamini, kwa sababu santuri ikivunjika watu wanaonyesha vipande.

Kwa nini aliililia hiyo moja, aliniambia kwa maneno machache, huku anapangusa meza iliyokwisha kuwa safi. Walikuwa wameoana karibuni, yeye ana mimba ya kwanza, imefika mwishoni. Mume akarudi kutoka melini na santuri mpya, akaiweka, akamshika mkono wacheze. Shemeji alikuwa anakaa kwao wakati huo, anatafuta kazi mjini, akawa anawapigia makofi. Katika kugeuka, tumbo likagonga meza. Sindano ikaruka, tak! Ikaacha mkwaruzo. Wakacheka wote, mume akasema mtoto ametia sahihi.

"Alizaliwa, akalia, akaondoka kabla hatujampa jina," akasema. "Waliofuata wapo, mmoja yuko Geita, mwingine Dodoma, wana watoto wao. Lakini yule hana picha, hana kitu. Alichokiacha duniani ni ile tak. Nataka niisikie tena, basi, kabla sikio halijafunga."

Maana sikio lilikuwa linafunga. La kushoto lilikuwa limeshalala, la kulia linasinzia. Nilianza kugundua pale aliposema "nzima" kwa santuri ambayo hata mimi nilisikia inatema. Sikumwambia. Ningewezaje?

Kisha siku moja shemeji akapiga simu mwenyewe. Mkunga aliiweka simu kwenye spika nimsaidie kusikia. Sauti ya mzee, inakatika. "Shemeji, njoo. Ile santuri haikuvunjika."

Nilifunga duka nikambebea kikapu. Tukapanda meli. Alikaa upande wa kivuli, ganda la kijani kifuani ndani ya kitenge, na mtu akipita na ndoo ya samaki anageuza mgongo kulikinga lisilowe. Tulipofika Nansio tukakuta mzee amekaa kibarazani, miguu imevimba, hawezi kusimama.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Karibuni. Shemeji, karibu nyumbani kwako."

Tukapewa maji, tukapewa machungwa. Hapakuwa na haraka, na mimi nilikuwa nakufa kwa haraka. Mwishowe mzee akamwita mjukuu wake wa kike, akaletewa kifurushi. Kilikuwa shati la kibaharia, jeupe lililogeuka njano. Akalifungua magotini. Santuri ilikuwa imepinda, kingo zimeinuka pande zote kama sahani ya kina. Usoni mikwaruzo tele.

"Niliiweka dirishani," mzee akasema. "Mwaka ule ule wa msiba. Nikasema nitaiangalia kila nikiamka. Jua likaipiga. Ulipoanza kuzunguka na maganda yako, kila nyumba walikuwa wanasimulia: Mkunga amesema hii nzima, ile mbovu. Nikakuogopa, shemeji. Wewe na sikio lako. Nikasema utaitazama mara moja useme mbovu, na mimi ndiye niliyeiharibu. Nikaona afadhali niseme imevunjika."

Mkunga aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo ulioinuka. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka.

"Kumbe ni mimi," akasema taratibu. "Miaka yote hii, kumbe ni ulimi wangu mwenyewe."

"Ni woga wangu, shemeji."

"Ni wote wawili, basi. Baba Neema, fungua kikapu."

Nikaiweka gramafoni kwenye kigoda, nikatafuta bilauri nipime kama imelala sawa, akanizuia kwa mkono. Akaishika santuri kwa ukingo, akaiweka. Ilipoanza kuzunguka ilikuwa inapanda na kushuka kama mtumbwi siku ya upepo, na ule mkono ukapanda na kushuka nayo. Karibu nipige kelele, mama, sindano! Ndiyo sindano pekee aliyokuwa nayo. Akainua kidole kimoja, kama siku ile ya kwanza, nami nikanyamaza.

Jamani, ilikuwa mbaya. Gitaa linalegea, linakaza. Mwimbaji kama amekunywa. Na mikwaruzo kila mahali, tak, tak, tak, mvua ya mawe juu ya bati. Nikasema moyoni, imepotea. Katika tak zote hizi, nani ataijua moja? Na sikio lenyewe ndiyo hilo. Nilimtazama Mkunga, amefumba macho, sikio la kulia limeelekea kwenye spika, karibu kuigusa, kama alivyokuwa anainamia matumbo ya wake zetu. Nikaona aibu kumtazama, nikamtazama mzee. Naye alikuwa amefumba macho.

"Hapo," akasema mzee.

Kidole cha Mkunga kilikuwa kimekwisha kushuka.

Mimi sikusikia chochote tofauti. Naapa. Wimbo uliendelea hadi mwisho, na hakuna aliyeinua sindano. "Irudie," akaniambia. Nikairudia. Wakasikiliza tena mpaka pale, na pale walipofika walitikisa vichwa pamoja, kama watu wanaomsalimia mtu aliyeingia.

Mzee akamwambia shemeji yake aichukue. Mkunga akakataa, kilichogawiwa hakirudi. Akajaribu kuivisha ganda lake la kijani, ikagoma kuingia kwa kupinda, akalipasua ganda ubavuni kwa ukucha, taratibu, mpaka ikapita. Kisha akaifunga gramafoni, akaisukuma kwenye miguu ya shemeji yake.

"Hii ibaki hapa. Mimi sikio linaondoka, wewe bado unasikia. Uwe unampigia yule mtoto."

Mzee alilia waziwazi. Sisi tukaondoka kuwahi meli, kikapu kimejaa machungwa badala ya gramafoni, nami nikakibeba. Tulipokaa, kisiwa kikiwa kinabaki nyuma, nikashindwa kujizuia. Nikamsogelea sikio la kulia, nikamuuliza kwa sauti, "Mama, na ile santuri yenyewe, uliionaje?"

"Mbovu, Baba Neema," akasema. "Mbovu kabisa." Akacheka, machozi yanamtoka, akaingiza mkono kikapuni akanimenyea chungwa.